Video iliniambia niongeze programu 40 kwenye Linux, sasa kompyuta ya steshenari inaganda

"Kaka habari za kazi. Nina steshenari ndogo Nyegezi, Mwanza, wateja wangu wengi ni wanachuo. Kompyuta yangu ni ya mezani, used, core i5 ya zamani, RAM 4GB, hadidiski 500GB. Windows 10 ilipoacha kupata apdeti mdogo wangu akaniwekea Linux Mint, na kweli miezi miwili ya kwanza ilikuwa nyepesi. Halafu nikakutana na video ya programu 40 za lazima kuongeza ukishaweka Linux, nikazifuata karibu zote kwa siku mbili, kuna TLP, Wine, ClamAV, BleachBit, na mandhari ya kuifanya ifanane na Windows 11. Bando la GB 15 likaisha. Sasa inaniambia diski imebaki MB 300 wakati nina 500GB nzima, nikifungua brauza na Writer, ile ya kuchapia ya LibreOffice, pamoja inaganda, na ripoti za wanafunzi nikizifungua kurasa zinahama, ya kurasa 62 inakuwa 66, mteja ananiangalia kama mimi ndiye nimemharibia. Naomba kujua programu gani nzuri ya kusafisha RAM kwa Linux, antivairasi ipi niweke, na zipi kweli za kuongeza ili niifaidi hii Linux. Au nirudi tu Windows?"

Salama dada, na pole na bando, hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokukosesha raha: usirudi Windows leo. Sisemi hivyo kwa ushabiki, ni kwamba kwa maelezo yako sioni kitu kilichoharibika, naona mashine iliyobebeshwa mizigo ya watu wengine. Kazi yako ni kuchapa, kuskani, kuprinti na kupokea mafaili ya wanachuo, na kwa kazi hiyo programu za maana za kuongeza hazifiki hata kumi.

Aliyerekodi ile video ana laptop yenye RAM 16 na intaneti isiyoisha, wala hajui kama we unauza prinji kwa kurasa. Angalia tu hiyo TLP, ni programu nzuri sana, mi mwenyewe ninayo kwenye laptop, kazi yake ni kupunguza matumizi ya betri. Yako ni ya mezani dada, betri iko wapi? Sikucheki, nami niliwahi kuweka programu ya kupima joto la betri kwenye mashine ya mezani nikashangaa inaniandikia sifuri.

Tuanze na diski, maana diski ya mfumo ikijaa kabisa kuna siku utawasha, utaandika nywila, skrini itameta na kukurudisha palepale kwenye nywila, na utadhani umeisahau. Kwa hiyo usisubiri.

Hiyo "nina 500GB nzima" ndipo penye kiini cha mambo. Karibu nina uhakika mdogo wako aliigawa diski vipande viwili, kimoja kidogo cha Linux yenyewe, tuseme GB 30, na kikubwa cha mafaili yako. Alifanya vizuri tu, wengi tunafanya hivyo. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike "df -h" kisha bonyeza enter. Utaona orodha, wewe tafuta mstari unaoishia na alama ya / peke yake na mwingine unaoishia na /home. Wa kwanza utakuwa asilimia 98 au 99, wa pili una nafasi kibao. Programu zote zinaingia kwenye kile kipande kidogo, haijalishi kikubwa kiko tupu kiasi gani.

Sasa kwa nini programu chache zijaze GB 30? Hapa lazima uelewe kitu kimoja, ukishakielewa hiki hutaliwa bando tena. Kwenye Mint programu inaweza kuingia kwa njia zaidi ya moja. Ya kwanza ni ile ya kawaida, apt, ambapo programu zote zinatumia maktaba za pamoja zilizokwisha kuwemo kwenye mfumo. Ni kama wapangaji wa nyumba moja ya uani wanaotumia jiko moja, mpangaji mpya anakuja na begi lake tu. Njia ya pili inaitwa Flatpak, na huyu ni mpangaji anayehamia na jiko lake, mtungi wake, sufuria zake na tenki la maji. Ana sababu, hataki kutegemea jiko la watu, ndiyo maana programu ya Flatpak inakuwa ya toleo jipya zaidi na haigombani na mfumo wako. Ila mzigo wake ni mamia ya megabaiti kabla hata programu yenyewe haijaanza kushuka. Programu mbili zikitumia jiko la aina moja zinashirikiana, hapo kuna nafuu, lakini moja ikitaka jiko la mwaka jana na nyingine la mwaka huu unashusha yote mawili. Na ukija kuitoa programu jiko linabaki, mpaka ulitoe mwenyewe.

Ile video, nina hakika, ilikuwa inabandika amri za Flatpak moja baada ya nyingine. Kwa hiyo fanya hivi. Andika "flatpak list --app" uone zilizoingia kwa njia hiyo, zile ambazo hata hukumbuki zinafanya nini zitoe, na kama kuna inayojirudia, mfano VLC ya apt na VLC ya Flatpak, toa ya Flatpak. Kisha andika "flatpak uninstall --unused", hiyo ndiyo inayotoa majiko yaliyobaki bila mpangaji, na mara nyingi hapo peke yake unarudishiwa gigabaiti kadhaa. Malizia na "sudo apt clean", inafuta vifurushi vilivyoshushwa vikabaki stoo baada ya kuwekwa. Kuna nyingine, "sudo apt autoremove", nayo ni nzuri lakini isome kabla ya kukubali, ukiona inataka kutoa kitu chenye jina cinnamon, kataa, hiyo ndiyo deskitopu yako.

Halafu fungua Timeshift. Hii imekuja na Mint, inapiga picha ya mfumo ili siku ukiharibika urudi nyuma, na kwangu mimi ndiyo programu ya thamani kuliko zote 40 za kwenye video. Shida ni kwamba mara nyingi inahifadhi hizo picha kwenye kipande kilekile kidogo. Picha ya kwanza ni nzito kwa sababu inanakili mfumo mzima, zinazofuata zinabeba mabadiliko tu, lakini we kwa siku mbili umebadilisha karibu kila kitu. Acha moja au mbili za karibuni, nyingine futa hukohuko ndani ya Timeshift, usiende kufuta folda kwa mkono.

Hapo utapumua. Kuanzia leo unapoongeza programu tumia ile Software Manager ya Mint, na kama programu ipo kwa njia zote mbili itakupa kisanduku cha kuchagua, we chagua System Package. Flatpak iache kwa ile moja ambayo haipo kwingine au ya kwenye apt imepitwa sana. Na ukitaka kujua bando linakwenda wapi kuna kidude kinaitwa vnstat, ni kidogo mno, kinakaa kimya kinaandika MB zilizoingia na kutoka kwa siku na kwa mwezi. Hiki nakuomba ukiweke.

Twende kwenye kuganda. Umeniuliza programu ya kusafisha RAM, jibu langu ni kwamba usiweke yoyote. Linux ikiona RAM iko bure inaitumia kushikilia vitu ulivyovifungua hivi karibuni ili ukivihitaji tena isihangaike na hadidiski. Fikiria kaunta yako, ukiwa na nafasi unaweka rimu tatu za A4 pembeni ya printa badala ya kwenda stoo kila mara, akija mteja na mizigo yake unazisogeza. Programu ya kusafisha RAM ni kama kijana anayekuja kila nusu saa kurudisha rimu zote stoo halafu anakuonyesha kaunta imekuwa peupe. Namba inapendeza, kazi inakwenda taratibu. Ukiandika "free -h" usitishwe na safu ya free kuwa ndogo, angalia ile ya available, hiyo ndiyo RAM unayoweza kupata ukihitaji.

Lakini kuganda kwako ni kwa kweli, sikatai. GB 4 kwa Cinnamon, brauza yenye WhatsApp Web, pengine tabu sita za wateja, na Writer, haitoshi. RAM ikiisha mfumo unahamishia vitu kwenye hadidiski, na ya kuzunguka ni kobe ukilinganisha na RAM, ndiyo ile taa inawaka mfululizo na mausi haisogei. Kinachosaidia hapa kinaitwa zram. Kinatenga sehemu ya RAM na kubana vitu ndani yake badala ya kuvitupa kwenye diski, kama unavyokunja mashuka vizuri ili begi lilelile libebe zaidi. Weka "zram-tools", kisha kwenye faili la /etc/default/zramswap mstari wa PERCENT toa alama ya reli (#) mwanzoni na uandike 50, uwashe upya. Ukiona huo mstari unakutisha mwachie mdogo wako, ni kazi ya dakika tano. Ongeza na earlyoom, hii inaangalia RAM, ikikaribia kuisha inaifunga programu moja iliyolemea badala ya kuacha mashine yote igande. Ni ukatili kidogo maana inaweza kufunga brauza mbele ya mteja, lakini bora brauza kuliko kuchomoa waya.

Nisikudanganye hapa, zram haigeuzi 4 kuwa 8. Ukipata hela, RAM ya kuongeza ndiyo dawa yenyewe, na SSD, ile diski isiyozunguka yenye kasi, inafuata. Wengi watakwambia anza na SSD, na kwa mashine ya kuchelewa kuwaka ningewaunga mkono, lakini malalamiko yako ni kuganda na hiyo ni RAM. Kabla ya kwenda mjini andika "sudo dmidecode -t memory" uone kama ni DDR3 au DDR4 na kama kuna nafasi iliyo wazi, maana hazibadilishani na ukinunua isiyoingia unarudi na daladala mikono mitupu. Na huyo fundi akiifungua mwambie apulize na feni, wale wadudu wa ziwani wakija kwa kundi jioni wanafuata mwanga, wanakauka humo ndani, nimetoa lundo kwenye mashine ya Kirumba ukadhani dagaa wameanikwa.

Sasa ripoti za wanachuo, na hapa ndipo pesa yako ilipo kwa hiyo nitakaa kidogo. Faili la Word kwa kawaida halibebi fonti ndani yake, linabeba jina tu, "hapa ni Calibri", "hapa ni Times New Roman". Likifika kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, mashine inachukua inayokaribiana nayo. Kama herufi za hiyo nyingine ni pana kidogo, neno la mwisho linashuka mstari wa chini, mstari unasukuma aya, aya inasukuma jedwali, na kwenye kurasa 62 ukijumlisha visukumo vyote unapata zako 66. Hakuna kilichoharibika kwenye faili la mteja, ila ukiliprinti hivyo yaliyomo yatasema sura ya tatu iko ukurasa wa 28 wakati iko wa 31, na msimamizi atalirudisha.

Times New Roman na Arial zina mbadala wenye upana uleule, zinaitwa Liberation, na Mint kwa kawaida inakuja nazo. Zikiwa zinakusumbua bado, weka "ttf-mscorefonts-installer", inashusha zile zenyewe, itakuuliza ukubali masharti, tumia kitufe cha Tab kufika kwenye OK, watu wengi wanakwama hapo. Calibri na Cambria hazimo kwenye kifurushi hicho, na Calibri ndiyo ilikuwa fonti ya kawaida ya Word tangu ya 2007, kwa hiyo hapo ndipo nadhani unapopigwa. Weka "fonts-crosextra-carlito" na "fonts-crosextra-caladea". Carlito ina upana wa Calibri herufi kwa herufi, Caladea hivyohivyo kwa Cambria, Writer itabadilisha yenyewe kimyakimya na kurasa zitarudi kukaa. Ni megabaiti chache tu. Kati ya vyote nilivyokuandikia, hiki ndicho kitakachokurudishia heshima mbele ya wateja.

Kuna shimo moja lililobaki. Kuanzia 2023 Word mpya imehamia fonti inaitwa Aptos, na hiyo sijui mbadala wa upana uleule wa kukupa. Mwanachuo mwenye Word mpya ambaye hajabadilisha fonti bado atakuhamia. Kwa hao andika karatasi ubandike ukutani: kazi ya kuprinti ije kwa PDF, ya kurekebisha ije kwa Word. PDF inabeba fonti ndani, haihami. Watalalamika wiki moja halafu watazoea. Na kama unapata nyingi za Word zenye majedwali na picha zilizopachikwa kila kona, jaribu OnlyOffice, programu nyingine ya kuchapia, pembeni ya LibreOffice, kwa muundo wa docx mara nyingi inakaribia zaidi, lakini inakula RAM kuliko Writer, kwa hiyo mi ningesubiri uongeze RAM kwanza.

Sasa zile za kuongeza kweli, kwa kazi yako. Ya kwanza PDF Arranger. Unafungua PDF, kurasa zinaonekana kama picha ndogondogo, unazivuta, unazigeuza, unafuta tupu, unaunganisha cheti cha kuzaliwa na barua ya mtendaji na CV kuwa faili moja la kutuma kwenye ombi la kazi. Najua hiyo kazi unaifanya mara ngapi kwa siku, na najua wengi wanaifanya kwenye tovuti za bure, yaani unapandisha cheti cha mtu na namba yake ya NIDA kwenye seva usiyojua iko nchi gani. Hapa inafanyika mezani kwako, bila bando.

Ya pili ni ya kusoma maandishi kutoka kwenye skani. Mteja analeta karatasi ya zamani anataka "mniwekee kwenye kompyuta", we unakaa unachapa upya. Weka "ocrmypdf" na "tesseract-ocr-swa", hiyo ya mwisho ndiyo inayoijua herufi za Kiswahili, watu hawajui kama ipo. Unaskani kwa Simple Scan, unahifadhi PDF, unaandika "ocrmypdf -l swa+eng zamani.pdf mpya.pdf" na faili jipya maandishi yake yanachagulika na kunakilika. Kama karatasi ni safi ya taipureta au printa utarekebisha maneno machache. Kama ni mwandiko wa mkono, sahau, rudi kwenye kuchapa.

Barua zile zinazojirudia, ya kuomba kazi, ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa, mkataba wa kupangisha chumba, hata usiongeze programu. Writer yenyewe ina AutoText: chagua maandishi, bonyeza Ctrl na F3, yape kifupi, mfano "mkat". Siku nyingine unaandika mkat unabonyeza F3 na mkataba mzima unatokea, unabaki kujaza majina. Ongeza kamusi ya tahajia, "hunspell-sw", ila ijue tabia yake, vitenzi vyetu vinabeba viambishi vingi na kamusi haivijui vyote, itapigia mstari mwekundu maneno ambayo hayana kosa lolote.

Na kadi za michango ya harusi! Wateja wanazileta kwenye faili za Publisher, na ukizibonyeza hujui pa kuzipeleka. LibreOffice Draw inazifungua. Haiwezi kuhifadhi kurudi kuwa Publisher, na maua mengine yatakaa vibaya, lakini kubadilisha jina na tarehe ukatoa PDF ya kuprinti, unaweza.

Kupokea mafaili kutoka simuni nako kunakula bando bure kabisa. Mteja amesimama mita moja kutoka kwako anakutumia kwa WhatsApp, picha inapanda mpaka seva za mbali huko halafu inashuka kwenye kompyuta yako, na mnalipa wote wawili. Kwa simu yako mwenyewe weka KDE Connect, ipo kwenye apt na kwenye simu. Vyote viwili vikiwa kwenye Wi-Fi moja, hata kama ni hotspot ya simu isiyo na bando hata MB moja, faili linapita moja kwa moja. Ukiwa umewasha faiawoli basi fungua poti 1714 mpaka 1764, la sivyo simu na kompyuta hazitaonana na utasema programu mbovu. Kwa wateja, waya wa USB bado ni mfalme, chomeka, mteja achague kuhamisha mafaili kwenye simu yake, basi.

Antivairasi. Hapa nitakwenda kinyume na mazoea ya mjini. Vile virusi vya kwenye flashi za wanachuo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, faili la exe, yaani programu ya Windows, kwenye Linux yako ni kama ufunguo wa nyumba nyingine. Hata ile tabia ya flashi kugeuka shotikati tupu, kirusi huwa kimeficha folda halisi kwa alama ambayo Windows inaiheshimu na Linux yako haiijali, ndiyo maana kwako folda inaonekana kama kawaida. Hilo unaweza hata kulitoza kama huduma, kuokoa flashi. ClamAV ikikaa macho muda wote inashika zaidi ya gigabaiti moja ya RAM, robo ya uliyonayo, kwa hiyo itoe, au angalau izimwe isiwe inawaka yenyewe. Unachopaswa kuogopa ni kuwa mchukuzi, kunakili faili bovu kutoka flashi ya huyu kwenda ya yule, basi usinakili exe wala shotikati za mtu, nakili nyaraka tu.

Isipokuwa kwamba umeweka Wine. Wine kazi yake ni kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, maana yake ule ufunguo wa nyumba nyingine sasa umeuchongea mlango. Ukibonyeza exe ya kwenye flashi mara mbili, inaweza kufunguka, na Wine kwa kawaida inayaona mafaili yako ya nyumbani. Kama huna programu maalumu ya Windows unayoihitaji, toa Wine leo. Kwenye duka linalochomekwa flashi 50 kwa siku sioni sababu ya kuwa nayo.

Mandhari ya Windows 11 nayo iangalie. Watu wanadhani mandhari ni rangi tu, lakini viongezeo vya deskitopu mara nyingi ni programu ndogo zinazoendeshwa kwa mamlaka yako. Machi 2024 kuna mtu aliweka mandhari ya jumla ya deskitopu ya KDE kutoka duka lake la mtandaoni, skripti iliyokuwa ndani ikafuta mafaili yake, wala haikuwa hujuma, ni skripti iliyoandikwa hovyo. Kwenye Cinnamon viongezeo vinakaa ndani ya deskitopu yenyewe, kimoja kikilemewa vyote vinalemewa. Vizime vyote, kisha bonyeza Ctrl, Alt na Esc pamoja ili Cinnamon ianze upya, ukae nayo siku mbili. Utakachokikosa kweli kirudishe, kupitia System Settings tu. BleachBit, ile ya kufuta mafaili ya ziada, ibaki ukipenda, ila usiifungue ile ya mamlaka ya root, yaani mkuu wa mfumo, na kuweka tiki kila mahali, hivyo ndivyo mafaili ya mtu yanavyopotea kwa hiari yake.

Umeme. Timeshift niliyoisifu hailindi kazi za wateja, kwa kawaida inaruka folda yako ya nyumbani kabisa. Weka Déjà Dup, programu ya bakapu, na diski ya nje, iwe inanakili kila jioni ukifunga. Writer nayo nenda kwenye mipangilio ya kuhifadhi uipunguze kutoka dakika 10 mpaka 3, umeme ukikatika katikati ya mkataba unapoteza aya moja tu. UPS ndogo nayo, hata ya dakika kumi, inatosha kuhifadhi na kuzima kistaarabu.

Kuna mawili ambayo usiyafanye kwa kusoma maelezo yangu. La kwanza ni kuongeza kile kipande cha GB 30 kwa kukata cha mafaili. Inawezekana, inafanyika kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi, lakini umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza vyote viwili. Mlete mdogo wako au kijana wa IT anayeijua Linux, kwa Malimbe hukosi, na kabla hajagusa aone bakapu kwa macho yake. Ambaye neno lake la kwanza ni "tupige Windows" mshukuru, mpe soda, mruhusu aende.

La pili ni hadidiski yenyewe, maana ni used na hatujui imezunguka miaka mingapi. Fungua programu ya Disks, chagua diski, kwenye menyu yake kuna SMART, kipimo cha afya ya diski. Ukikuta maonyo yanayosema diski inaelekea kufa, au sekta zinazosubiri, yaani sehemu za diski zisizosomeka vizuri, zinaongezeka kila siku, au ukasikia mlio wa tk, tk, tk wakati inaganda, basi yote niliyosema juu ya RAM yanasubiri. Usipige apdeti, usifute chochote, usiwashe na kuzima kujaribu. Nakili kazi za wateja kwenye diski ya nje kwanza, kuanzia za wanaokusanya wiki hii, zima, ndipo uibebe kwa fundi.